Dashi mpya kwenye nduthi ya kitambo: Usiifunge tu, ifundishe kusema ukweli

Simama kwenye stegi yoyote ya boda hapa Nairobi, kisha badala ya kuangalia madere, angalia dashi zao. Utaona sindano iliyolala kwenye sufuri tangu enzi za Kibaki, kioo kilichopasuka na nambari za kilomita zilizokwama. Uliza mwenyewe anajuaje spidi yake. Atakujibu bila kupepesa macho: "Nasikia na masikio."

Masikio yanadanganya, msee. Ukibadilisha silensa uweke ile ya kelele, 40 inasikika kama 70. Ukitoka Thika Road ulikokuwa umefungulia kwa dakika ishirini, halafu ukate kona uingie mtaani, 60 itaonekana kama unatembea kwa miguu. Ubongo unazoea mwendo. Yule mtoto anayevuka na mfuko wa maziwa hajui kama umezoea.

Na tofauti si ndogo vile unadhani. Umbali unaohitaji ili breki zikusimamishe haupandi polepole pamoja na spidi, unapanda kwa mraba wake. Ukitoka 50 hadi 60 umeongeza spidi kwa asilimia 20, lakini umbali wa breki umeongezeka kwa asilimia 44. Ndiyo maana kikomo cha 50 ndani ya miji na vituo vya biashara, ambacho kimo kwenye Sheria ya Trafiki, si namba ya kuwapa polisi kazi.

Kwa hivyo ukiniambia unataka kufunga dashi ya dijitali kwenye nduthi yako ya kitambo, ile yenye spidomita na takomita kwenye kioo kimoja, nakuunga mkono. Inapendeza usiku, sikatai. Lakini kabla hujatoa doo, shika neno hili moja: dashi mpya inayodanganya ni mbaya kuliko ya zamani iliyokufa. Ile iliyokufa unajua imekufa, huiangalii. Hii mpya utaiamini kwa sababu inawaka.

Kwanza hakikisha ya zamani imekufa kweli

Spidomita ya kebo haitumii umeme wa betri. Gia ndogo kwenye gurudumu la mbele inazungusha kebo, na kebo inazungusha sumaku iliyo karibu na kikombe chepesi cha alumini. Sumaku na kikombe havigusani. Lakini sumaku ikizunguka inazalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba inakizuia kisizunguke kabisa, kwa hivyo kinapinda tu, na sindano inapinda nacho. Mjerumani Otto Schulze alisajili uvumbuzi huo mwaka 1902, na hadi leo pikipiki nyingi mitaani zinautumia.

Kwa hivyo jaribu hivi. Fungua kebo upande wa juu, inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono uangalie ule waya wa ndani. Ukizunguka, shida iko kwa dashi yenyewe. Usipozunguka, kebo imekatika au gia ya kwenye habu imeisha meno. Kebo mpya ni bei ya chini sana ukilinganisha na dashi nzima. Kama hilo ndilo tatizo pekee na huna haja ya RPM, badilisha kebo, piga grisi, urudi kazini.

Bado unataka dijitali? Twende kazi.

Nenda na volti zako mkononi

Ukishuka Kirinyaga Road, ile watu wa zamani bado wanaiita Grogan, utapata maduka yamejaa dashi za kila rangi. Muuzaji atakwambia inaingia kila pikipiki. Kuingia inaingia. Swali ni kama itaishi.

Dashi nyingi za dijitali zinataka volti 12 za betri, umeme unaotiririka upande mmoja. Nduthi kadhaa za kitambo zilitoka kiwandani na betri ya volti 6. Nyingine zina 12, lakini taa ya mbele inakula umeme moja kwa moja kutoka kwa magneto, umeme wa AC unaopanda na kushuka unavyokaza mafuta. Ukiunganisha dashi kwenye waya wa taa hiyo, itawaka vizuri pale dukani, halafu ukifika Pangani itakuwa kipande cha plastiki.

Halafu kuna tabia yetu ya kuendesha bila betri. Betri ilikufa, ukaitoa, na mashine inawaka kwa kiki, kwa hivyo maisha yanaendelea. Kwa dashi ya kompyuta, hayo si maisha. Betri ndiyo inayolainisha umeme. Bila hiyo, volti zinaruka kila ukikaza.

Azima maltimita kwa fundi yeyote wa simu. Washa injini, weka nyaya za kipimo kwenye betri, kaza mafuta kiasi. Ukisoma kati ya volti 13.5 na 14.5, mambo yako sawa. Ikipita 15, rektifaya imeharibika, ile chuma yenye mapezi ya kupoza. Ibadilishe kwanza. Ikibaki kwenye 12 bila kupanda, betri haichajiwi na utasukuma nduthi siku moja ukiwa umechelewa.

Waya wa dashi uutoe mahali panapopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, na uweke fyuzi ndogo katikati, ya ampia 1 au 2. Fyuzi ikiungua utakasirika kidogo. Waya ukiungua karibu na tangi la petroli ni hadithi nyingine kabisa.

Waya mweusi si lazima uwe hasi

Hapa ndipo dashi nyingi hufia. Kwenye dashi mpya, mara nyingi nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Sasa fungua nyaya za Honda, kwa mfano CG125, mashine iliyoanza kuuzwa 1976 na ambayo injini yake imenakiliwa na viwanda vingi vya China. Kwa Honda, kijani ndiyo hasi. Nyeusi ni umeme wa moto unaotoka kwa swichi ya ufunguo. Fundi mwenye haraka anaunga nyeusi na nyeusi, rangi zinapatana, anatabasamu. Kisha moshi.

Nenda kwa Yamaha, mambo yanageuka. Huko nyeusi ndiyo hasi na kahawia ndiyo inayotoka kwa swichi. Na kama nduthi imepitia mikono ya mafundi watano, rangi hazina maana tena, kwa sababu kila mmoja alitumia kipande cha waya alichokuwa nacho. Usiamini rangi, amini maltimita. Pima kila waya kabla ya kuunga, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa.

Jambo lingine dogo: taa ya gia huru. Kwenye pikipiki nyingi, swichi ya gia huru haileti chanya, inaleta hasi kutoka kwenye mwili wa injini. Kama dashi yako inataka chanya hapo, taa hiyo haitawaka hata uombe. Soma karatasi iliyo kwenye boksi, hata kama Kiingereza chake ni cha kubahatisha, uone waya huo unataka nini.

Na tafadhali, kuunga waya si kusokota na kuzungushia karatasi ya nailoni. Lehemu, kisha ufunike kwa kimpira kinachonywea kikipashwa moto. Mvua ya Aprili haina huruma.

Sensa: milimita mbili za kuheshimu

Dashi ya dijitali haina kebo. Inatumia sumaku ndogo inayozunguka na gurudumu, na sensa iliyofungwa mahali pasipozunguka. Kila sumaku ikipita, sensa inatuma pigo moja la umeme. Dashi inahesabu mapigo hayo. Ni hivyo tu.

Sumaku ifunge kwenye habu au, kama una breki ya diski, kwenye kichwa cha boliti ya diski. Kwa breki ya drami, iweke nje ya habu. Usibandike kitu chochote ndani ya drami, huko ni nyumbani kwa breki. Tumia gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mbili, na usugue chuma kwanza hadi king'ae. Sumaku inayodondoka kwa spidi ya 70 inaweza kukosa adabu.

Sensa iifikie sumaku kwa ukaribu wa milimita 2 au 3 hivi, au kama karatasi yake inavyosema. Zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa na uhakikishe hakuna kinachogusana.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huruka. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, halafu hadi mwisho kulia. Shika breki ya mbele na ukandamize shoki kwa uzito wako wote. Waya wa sensa usivutike, usibanwe, na usikaribie spoki hata kidogo. Waya uliolegea ukishikwa na gurudumu la mbele, hutahitaji dashi kukuambia umesimama.

Sasa ifundishe hesabu

Ukimaliza kufunga, ukiwasha na ukaona nambari zinacheza, utataka kwenda kupiga picha. Tulia. Mpaka hapo dashi haijui chochote kuhusu pikipiki yako. Inajua gurudumu limezunguka mara ngapi. Haijui kila mzunguko ni mita ngapi. Kiwandani waliweka namba ya tairi fulani, na hawakuwa wanafikiria tairi yako.

Mimi niliacha chuo na sina cheti cha kukuonyesha, lakini hesabu hii ni ya shule ya msingi. Jaza upepo wa kutosha. Weka alama ya chaki kwenye tairi yenye sensa na kwenye sakafu chini yake. Kaa juu ya nduthi, kwa sababu uzito wako unaikandamiza tairi kidogo. Mwambie rafiki asukume kwa mstari ulionyooka mpaka alama ya tairi iguse chini mara tatu. Pima umbali kwa utepe wa fundi wa nguo au wa seremala, gawanya kwa tatu.

Kwa tairi ya 3.00-18 utapata karibu mita 1.92. Kwa 2.75-17 ni karibu 1.80. Kwenye mipangilio ya dashi utaandika 1920 au 1800, kwa milimita. Kuna dashi ambazo zitakuuliza pia idadi ya sumaku. Ukifunga mbili na kuiambia moja, itaonyesha spidi mara mbili ya ukweli na marafiki watakuita bingwa wa dunia.

Sasa ona hatari ilipo. Sema tairi yako ni ya 1.92 lakini dashi imebaki na 1.80. Ikionyesha 50, wewe uko 53. Ikionyesha 75, uko 80. Inakupunguzia, na wewe unajiona mtu mpole. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita imekataza jambo hilo waziwazi: spidomita haifai kamwe kuonyesha spidi iliyo chini ya ile halisi. Kuzidisha kidogo inaruhusiwa, kupunguza hapana. Nawe uitumie sheria hiyo kwako. Ukiwa na shaka kati ya namba mbili, chagua kubwa.

RPM: inapiga cheche mara ngapi?

Upande wa takomita, dashi inahesabu cheche za plagi. Njia salama kwa nduthi nyingi za kitambo ni kuzungushia waya wa takomita mara tatu hadi tano juu ya waya mnene wa plagi, bila kuuchuna. Inanusa cheche kutoka nje. Usichukue mkato wa kuunga moja kwa moja kwenye waya wa koili kutoka CDI kama karatasi haijasema unaweza. Pale kuna mapigo ya mamia ya volti, na dashi ya volti 12 haiwezi hiyo mechi.

Kisha inakuja swali la pili la hesabu. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja inachoma mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ungedhani cheche nayo ni moja kwa mizunguko miwili. Lakini mashine nyingi za aina hii, zikiwemo zile zilizonakili CG, zinachukua ishara ya CDI kutoka kwenye magneto, na magneto iko kwenye krenki. Kwa hivyo plagi inapiga cheche kila mzunguko. Moja inawasha mafuta, nyingine inapotelea kwenye moshi.

Utajuaje umechagua sawa? Acha injini ipate joto, kisha iache ingurume yenyewe bila kukaza. Nduthi ndogo nyingi hutulia karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Ukiona 2,800 au 700, injini haina shida, mpangilio ndio uko nusu au maradufu. Badilisha.

Na kama nambari zinaruka kama M-Pesa siku ya mshahara, angalia plagi. Plagi isiyo na ukinzani ndani yake inatoa kelele za umeme zinazochanganya kompyuta. Kwa mfano, ukiwa na NGK D8EA, ile yenye ukinzani inaitwa DR8EA. Hiyo herufi R ndiyo unayotafuta. Pia pitisha waya wa dashi mbali na waya wa plagi, isipokuwa ule mmoja uliouzungushia kwa makusudi.

RPM si ya kushindana kelele kwenye taa za trafiki. Inakuambia injini inapochoka. Ukipanda kilima na abiria, kwenye gia ya nne, mizunguko ikishuka huku unakaza, injini inalia. Rudi tatu. Pistoni itakushukuru, na mafuta vilevile.

Ipeleke barabarani, uihoji

Usiimalizie nyumbani. Chagua barabara iliyonyooka, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache. Weka simu yenye programu ya GPS kwenye kishikilio, au mpe abiria wako aisome, akiwa na helmeti. Usiishike wewe. Tembea kwa spidi moja bila kubadilisha kwa sekunde kumi hivi, kwa sababu GPS inachelewa kidogo kusoma. Soma zote mbili.

Zikitofautiana, hesabu ni hii: chukua namba uliyoiweka, zidisha kwa spidi ya GPS, gawanya kwa spidi ya dashi. Mfano, uliweka 1800, dashi inasema 45, GPS inasema 48. 1800 mara 48 gawanya kwa 45 ni 1920. Weka hiyo. Rudia siku nyingine. Na kila ukibadilisha saizi ya tairi, rudia tena.

Hili linagusa mfuko pia. Dashi inayopunguza spidi inapunguza kilomita vilevile. Kama unabadilisha oili kila kilomita 2,000, dashi yenye kosa la 1800 badala ya 1920 itakuambia 2,000 wakati umeshafika 2,133. Fanya hivyo kila mara, kwa oili ya boda inayoshinda juani, na utakuja kuambiwa injini ifunguliwe.

Kilomita za zamani usizizike

Kabla ya kung'oa dashi ya kwanza, piga picha ya kilomita zake. Andika tarehe na namba hiyo kwenye kijitabu cha pikipiki. Dashi mpya huanza na sufuri, na siku utakapouza, mtu atakayekuja na pesa yake ya chama ataona kilomita 900 kwenye mashine iliyobeba Nairobi nzima. Ukinyamaza, umemwibia. Mwonyeshe picha, ajumlishe mwenyewe. Na ukiwa mnunuzi, ukikuta dashi inayong'aa juu ya nduthi yenye pedali zilizolika hadi chuma, uliza ya zamani iko wapi.

Ukimpelekea fundi kazi hii, mpe heshima yake na umlipe vizuri, lakini usiondoke kabla hujamuuliza maswali mawili: umeweka mzingo wa tairi ngapi, na cheche umeweka ngapi kwa mzunguko? Akikujibu kwa namba, una fundi. Akikuambia "iko sawa, inawaka," toa chaki na utepe, upime mwenyewe palepale. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo itakayokuambia kama ile 50 unayoiona ukipita shule ya mtaa ni 50 kweli.